Taja Sifa, Usijisifu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa jopo lililokuwa likitafuta mtunza stoo wa dawa. Aliingia binti mmoja aliyehitimu mwaka uliotangulia, akasalimia vizuri, akaketi. Tukamwuliza: "Taja kazi moja uliyoifanya ukiwa fildi, na utueleze ilikisaidia nini kituo ulichokuwepo."

"Tulihesabu dawa upya, tukapanga rafu, tukarekebisha leja," alijibu.

Mwenzangu akajaribu kumsaidia: "Wewe mwenyewe ulifanya lipi kati ya hayo?"

Akainamisha macho, akatabasamu. "Tulikuwa tunasaidiana tu, mheshimiwa."

Wiki chache baadaye nilikutana na aliyekuwa msimamizi wake wa fildi. Katika mazungumzo jina la binti yule likatajwa, na yule mzee akawa hanyamazi kwa kumsifia. Kumbe ndiye aliyegundua kwamba dawa mpya zilikuwa zikipangwa mbele ya rafu, za zamani zikisukumwa nyuma mpaka muda wake wa matumizi unaisha. Ndiye aliyekaa siku nne akizipanga upya, zinazokaribia kuisha muda zikatangulia. Moyo uliniuma. Nafasi ilikuwa imeshajazwa, na kwenye karatasi yangu ya alama, mbele ya swali lile, nilikuwa nimeandika mbili kati ya kumi.

Sikumlaumu. Alikuwa ameleleka kama tulivyoleleka wengi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, tuliambiwa tangu utotoni. Fundi mwenye adabu hata akijenga ukuta peke yake husema "tumejitahidi". Adabu hiyo ni njema na sitaki ipotee majumbani mwetu. Lakini katika miaka yangu ya kazi ya rasilimali watu nimeona ikiwanyima kazi vijana wengi wenye uwezo kuliko hata ukosefu wa uzoefu. Makala haya ni kwa ajili yao.

Jopo linaandika linachokisikia

Wasailiwa wengi hudhani jopo linawasoma usoni na kuhukumu kwa hisia. Katika usaili ulioandaliwa vizuri sivyo inavyokuwa. Kila mjumbe huwa na karatasi yenye maswali yale yale kwa wasailiwa wote, na chini ya kila swali zimeorodheshwa hoja zinazotarajiwa. Ukitaja hoja, unapata alama zake. Usipoitaja, mjumbe hana mahali pa kuandika kwamba "anaonekana anajua".

Utaratibu huu una sababu. Mwaka 1998 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walichapisha mapitio ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Walionyesha kwamba usaili wenye maswali yaliyopangwa hubashiri utendaji kazini vizuri zaidi kuliko mazungumzo yasiyo na mpangilio. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizikokotoa upya takwimu za aina hiyo; viwango vingi vikashuka, lakini usaili uliopangwa ukatokea kuwa juu ya njia zote. Kwa hiyo mjumbe anayekuuliza kwa sauti ile ile na kuandika bila kukuchekea hakuchukii. Anajitahidi kukutendea haki sawa na aliyekutangulia.

Ndipo tunapofika kwenye neno *sifa*, ambalo kwa Kiswahili lina maana mbili. Kuna sifa ya kusifiwa, yaani maneno matamu. Na kuna sifa ya kwenye tangazo la kazi, "sifa za mwombaji", yaani elimu, ujuzi na uzoefu unaohitajika. Wengi wetu kwa kuikimbia ile ya kwanza tunaificha na ya pili. "Mimi ni mchapakazi, mbunifu na ninayejituma" ni kujisifu, kwa sababu hakuna awezaye kuyapima maneno hayo. "Nilipanga upya rafu za stoo kwa siku nne ili dawa za zamani zitoke kwanza" ni kutaja sifa. Jambo hilo linaweza kuhojiwa na linaweza kuthibitishwa. Kazi yote ya wasifu na usaili imo katika tofauti hiyo.

Wasifu uanzie kwenye tangazo

Naujua wasifu wa steshenari kwa kuuona tu. Kijana anafika, mchapaji anafungua faili la mteja wa jana, anabadilisha jina, tarehe ya kuzaliwa na shule, anachapa. Ndiyo maana tunapokea maombi kumi yenye sentensi ile ile ya malengo, neno kwa neno, na mapendeleo yale yale: kusoma vitabu, kusikiliza muziki, kuangalia mpira. Niliwahi kupokea wasifu wenye jina la mtu mmoja ukurasa wa kwanza na la mtu mwingine ukurasa wa mwisho.

Nenda steshenari kuchapa, usiende kutungiwa. Kabla ya kuandika, chukua tangazo na kalamu. Pigia mstari kila jukumu na kila sifa iliyotajwa, kisha mbele ya kila mstari andika mahali ulipowahi kufanya jambo hilo au linalofanana nalo. Yale yaliyopata jibu ndiyo yatakayotangulia kwenye wasifu wako. Ukiomba kazi tatu tofauti, utakuwa na wasifu wa aina tatu, zote za kweli, kila mmoja ukitanguliza kinachohitajika.

Kwa aliyehitimu karibuni, kurasa mbili zinatosha. Weka jina, simu inayopatikana na barua pepe ya heshima yenye jina lako. Kisha elimu na uzoefu, vya karibuni vikitangulia. Kisha ujuzi, mafunzo mafupi, lugha na wadhamini. Omba ruhusa kwa kila mdhamini na umweleze umeomba kazi gani, asije akapigiwa simu akaanza kuuliza "nani huyo?"

Dini, kabila, hali ya ndoa na idadi ya watoto usiviweke, isipokuwa mwajiri amevitaka kwa sababu ya msingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo na mingine, ikiwamo ujauzito, ulemavu na hali ya VVU, na inamlinda hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Nafasi hiyo kwenye karatasi ijaze kwa kazi zako.

Sasa tazama mstari mmoja kwa karibu. Wengi huandika hivi:

"Mafunzo kwa vitendo, stoo ya hospitali, miezi miwili. Majukumu: kusaidia kazi za stoo."

Mstari huo haujadanganya, lakini haujasema kitu. Binti wa dawa angeweza kuandika hivi:

"Nilikagua rafu zote za stoo ya dawa na kugundua dawa za zamani zinabaki nyuma. Nilizipanga upya kwa siku nne kufuata tarehe za kuisha muda, na nikarekebisha leja zilizotofautiana na idadi halisi."

Umeona vitenzi? Nilikagua, niligundua, nilipanga, nilirekebisha. Kila kimoja kina kitu kilichofanywa, na hakuna neno hata moja la kujipamba.

"Lakini mimi sina uzoefu," huniambia vijana. Nawauliza: ulilipaje ada? Mmoja akanijibu kwa aibu kwamba aliuza mitumba sokoni. Nikamwambia: basi umeshika mtaji, umepanga bei, umeandika madeni, umebembeleza wateja wagumu na umeamka alfajiri bila kusimamiwa. Andika. Mweka hazina wa kwaya, kiongozi wa darasa, aliyejitolea zahanati ya kijiji, wote wana la kuandika, mradi waseme walifanya nini.

Jambo ambalo halina msamaha ni kughushi. Aprili 2017 uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma Tanzania ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wameshatumikia miaka mingi. Cheti cha uongo hakichakai.

Nyaraka nazo ni jibu

Wanaoomba utumishi wa umma hupitia Sekretarieti ya Ajira, kwa mfumo wa Ajira Portal. Huko wengi huanguka kabla ya kuulizwa swali lolote. Barua ya maombi isipokuwa na sahihi ni kasoro. Vyeti vinatakiwa vithibitishwe na mwanasheria au wakili. Hati za matokeo za kidato cha nne au cha sita hazishiki nafasi ya cheti chenyewe. Aliyesoma nje ya nchi lazima elimu yake ihakikiwe na mamlaka husika: TCU, NACTVET au NECTA, kulingana na ngazi.

Jingine ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hadija, cha kidato cha nne kinasema Khadija, kitambulisho kina majina matatu na cheti cha chuo mawili. Siku ya usaili hilo humrudisha mtu nyumbani na nauli yake. Panga vyeti vyako vyote mezani leo, linganisha herufi kwa herufi, na pakitofautiana anza mapema kutafuta hati ya kisheria ya jina.

Siku ya kuulizwa

Usaili wa umma kwa kawaida huanza na mchujo wa kuandika, kisha kwa kada kama za madereva na makatibu muhtasi huwepo wa vitendo, na mwisho mahojiano ya ana kwa ana. Anayefaulu akakosa nafasi huweza kuwekwa kwenye kanzidata, akaitwa nafasi ikipatikana. Kwa hiyo hata pale ambapo washindani ni wengi kuliko viti, jibu hadi swali la mwisho.

Swali la kwanza la mahojiano karibu siku zote ni "Jieleze". Hapo msailiwa huanza: "Kwa majina naitwa fulani, nimezaliwa mwaka fulani, shule ya msingi nimesoma..." Anapofika kidato cha tatu, dakika zake zimeisha. Jopo lina wasifu wako mkononi. Taja jina na taaluma yako, taja mambo mawili uliyowahi kuyafanya yanayohusiana na kazi hii, kisha sema kwa nini umeiomba. Dakika moja na nusu inatosha.

Maswali ya "tueleze wakati ambapo..." yajibu kwa hatua nne: hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa kufanya nini, ulichukua hatua gani, na matokeo yalikuwa nini. Wengi hutumia muda wote kwenye hali, wakasimulia kituo na wakubwa wake. Alama nyingi ziko kwenye hatua na matokeo. Na kama kazi ilikuwa ya timu, sema hivyo, kisha jitenge kwa sentensi moja: "Tulikuwa wanne. Sehemu yangu ilikuwa leja." Hapo hujamdhulumu mwenzako wala hujajidhulumu.

Ukiulizwa udhaifu wako, usiseme "nafanya kazi kupita kiasi". Jopo limeshalisikia mara nyingi mno. Taja udhaifu wa kweli usiovunja kazi yenyewe, na useme unavyoushughulikia: "Nilikuwa naogopa kuzungumza mbele ya watu. Sasa huomba kusoma taarifa ya kikundi chetu kila mwezi." Na usilolijua, sema hulijui, kisha eleza ungelitafutia wapi jibu. Nimewapa alama watu waliojibu hivyo. Waliobuni sheria papo hapo sikuwapa.

Fika mapema, vaa nguo safi zinazoendana na kazi, beba vyeti halisi na kitambulisho, zima simu. Wa kukwambia "nina mtu ndani, tuma hela ya soda" ni tapeli. Usimtumie hata shilingi.

Daftari la leo usiku

Zoezi ninalowapa vijana ni moja. Chukua daftari, andika sentensi kumi zinazoanza na "Nili-" kuhusu kazi uliyoifanya kwa mikono au akili yako. Zitakuja kwa shida. Mbili za kwanza utaziandika ukiwa na haya, kana kwamba mtu anakuchungulia begani.

Basi mwache achungulie. Katika kila sentensi mfikirie mtu aliyekuwepo siku ile: msimamizi wako wa fildi, mwenzako wa kikundi, mteja wako wa sokoni. Mweke kwenye kiti cha pembeni yako ndani ya chumba cha usaili. Ukisoma sentensi hiyo kwa sauti naye akatikisa kichwa kukubali, hiyo ni sifa, ibebe uende nayo. Akikugeukia kwa mshangao, hayo ni majisifu, yafute.

Kisha zisome kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani, kesho na keshokutwa, mpaka ulimi uzoee kusema "nilifanya" bila kuomba radhi.

Binti yule wa dawa hakuhitaji kuongeza chumvi hata punje. Yote aliyopaswa kuyasema, msimamizi wake aliniambia mimi, wiki chache baada ya kazi kuchukuliwa na mwingine.