Kompyuta Inaposimama Ghafla: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu kwa Utaratibu

Walimu wengi wanaotumia kompyuta nyumbani kwa kuandika maazimio ya kazi, maandalio ya masomo na matokeo ya mitihani wamepata kukutana na jambo hili: kazi inaendelea vizuri, mara skrini nzima inageuka buluu au nyeusi, maneno machache ya Kiingereza yanatokea, kisha kompyuta inajizima na kujiwasha yenyewe. Hatua inayofuata aghalabu ni kuipeleka kwa fundi. Naye fundi, kwa kuwa hakuelezwa lolote ila kwamba kompyuta "imekufa", hufanya lililo jepesi kwake: hufuta diski yote na kuweka mfumo mpya, kazi ambayo mitaani huitwa "kupiga Windows". Mwalimu hurudishiwa kompyuta safi isiyo na alama za muhula mzima. Na ikiwa chanzo kilikuwa kifaa kilicholegea, ile skrini ya buluu hurudi wiki ile ile.

Tunawaandikia walimu wanafunzi habari hizi si kwa kutaka wawe mafundi. Utaratibu wa kutafuta chanzo cha hitilafu ndio ule ule tunaotakiwa kuufundisha katika masomo ya sayansi, na kompyuta iliyosimama huuonyesha waziwazi kuliko majaribio mengi ya vitabuni.

Kwanza yafaa ieleweke skrini hiyo ni kitu gani. Ndani ya kompyuta mna programu kuu, yaani mfumo endeshi, ambao hugawa kumbukumbu, husoma na kuandika diski, na huamrisha vifaa vyote. Programu ya kawaida, kama ile ya kuandikia barua, ikikosea, mfumo huifunga hiyo peke yake na nyingine huendelea. Lakini kosa likitokea katika kiini cha mfumo wenyewe, hakuna kilicho juu yake cha kulisahihisha. Mfumo ukiendelea na kazi hali hesabu zake zimevurugika, waweza kuandika upuuzi juu ya mafaili mazuri yaliyomo katika diski. Kwa hiyo hujisimamisha kwa makusudi na kuonyesha msimbo wa kosa. Windows NT ilifanya hivyo tangu mwaka 1993. Windows 8 ya mwaka 2012 iliongeza alama ya uso wenye huzuni. Nayo Windows 11 ilibadili buluu kuwa nyeusi mwaka 2025. Rangi si kitu. La maana ni msimbo, nao ndio watu wengi wasiousoma.

Basi kazi ya kwanza ni kuandika. Mwalimu aweke daftari karibu na kompyuta, na kila hitilafu itokeapo aandike tarehe, saa, msimbo kama ulivyo, na kazi iliyokuwa ikifanywa. Au aupige picha kwa simu kisha anakili. Ikiwa maneno hupita upesi mno, katika mipangilio ya mfumo imo nafasi ya kuizuia kompyuta isijiwashe yenyewe baada ya kosa. Hitilafu tatu zilizoandikwa vizuri zina faida kubwa kuliko ishirini zinazokumbukwa nusunusu.

Swali la pili ni hili: ni nini kilichobadilika karibuni? Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows duniani zilisimama kwa skrini ya buluu, zikiwamo za mashirika ya ndege, mabenki na hospitali. Hakuna kifaa hata kimoja kilichokuwa kimeharibika. Kampuni ya CrowdStrike ilikuwa imesambaza sasisho la programu yake ya ulinzi lenye faili moja mbovu. Mashine nyingi zilitengenezwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, kwa kuziwasha katika hali salama na kuifuta faili hiyo. Aliyekimbilia bisibisi siku ile alipoteza muda wake bure. Nyumbani mambo ni yale yale kwa kipimo kidogo: printa mpya, programu iliyopakuliwa jana, sasisho la usiku.

Hali salama ni namna ya kuiwasha kompyuta ikiwa na programu za lazima tu. Katika Windows 10 na 11, kompyuta ikikatizwa kwa kitufe cha umeme mara mbili tatu mfululizo wakati inapoanza kuwaka, huleta menyu ya matengenezo. Humo ndimo mnamochaguliwa mipangilio ya kuwashia, kisha namba 4. Baadhi ya kompyuta zimefungwa kwa siri, nazo zitadai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kuruhusu. Ufunguo huo hutafutwa na kuandikwa mahali salama siku kompyuta ni nzima, si siku ya msiba. Kompyuta iliyokuwa ikisimama kila baada ya dakika kumi ikidumu saa nzima katika hali salama, shaka huelekea kwenye programu, hasa zile ndogo ziunganishazo mfumo na vifaa, ambazo mafundi huziita draiva. Iondolewe ile iliyoingia mwisho. Hata hivyo tusikate shauri mapema: katika hali salama kompyuta hufanya kazi nyepesi, kwa hiyo hata yenye kasoro ya vifaa yaweza kudumu humo kwa muda.

Sasa tuchukue mfano wa kifaa, nao tutaukalia kidogo. Kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imetumika inasimama bila mpango. Daftari linaonyesha leo MEMORY_MANAGEMENT, yaani 0x1A, kesho 0x50, keshokutwa 0x0A. Msimbo mmoja unaojirudia mara nyingi huashiria programu fulani; misimbo inayobadilika ovyo hututia shaka juu ya kumbukumbu, kwa kuwa kumbukumbu mbovu humharibia kazi yeyote anayekaa juu yake. Windows ina chombo chake cha kupima kumbukumbu. Kikipata makosa, shaka huwa nzito. Kisipopata, hatuwezi kuapa kwamba kumbukumbu ni nzima.

Tuseme mna vipande viwili vya RAM, A na B, na nafasi mbili za kuvichomeka. Baada ya kuchomoa waya wa umeme, na kugusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli wa mwilini, tunakiacha kipande A peke yake katika nafasi ya kwanza. Kompyuta inadumu siku mbili. Tunamweka B mahali pale pale: inasimama jioni ile ile. Wengi wangeishia hapo. Lakini jaribio linaendelea: A katika nafasi ya pili, inadumu; B katika nafasi ya pili, inasimama. Sasa twajua kwamba mbovu ni B wala si nafasi. Lau angalikuwa A naye amesimama katika nafasi ya pili, lawama ingeiangukia nafasi hiyo, na kununua RAM mpya kungekuwa kutupa fedha. Majaribio manne, na kila mara limebadilishwa jambo moja tu. Wakati mwingine, kwa kuvichomoa na kuvichomeka tu, hitilafu hutoweka, kwa kuwa miguso ilikuwa na vumbi. Hapo daftari liandike hivyo bila kudai zaidi.

Hoja hii yaweza kufundishwa darasa la tano bila kompyuta yoyote. Kila kikundi kipewe tochi ya balbu isiyowaka, jozi ya betri nzima na balbu nzima. Katika tochi moja mwalimu ametia betri iliyokwisha; katika nyingine balbu iliyoungua; katika ya tatu kipande cha karatasi kati ya betri na mguso. Wanafunzi waandike, kabla ya kila jaribio, wanatazamia nini. Kikundi cha wepesi kipewe tochi yenye kasoro mbili, betri na balbu pamoja. Hao watabadili betri, isiwake, wairudishe ya zamani. Watabadili balbu, isiwake. Na watasema tochi ni nzima ila haitaki. Mwalimu asiwaambie haraka. Kanuni ya kubadili jambo moja ina mpaka wake: kasoro zikiwa mbili, kifaa kizima kilichotiwa hakina budi kubaki mahali pake wakati kingine kinapobadilishwa. Watoto wakiligundua hilo wenyewe, kipindi kimelipa.

Kompyuta inayozimika ghafla bila neno lolote ni mgonjwa wa namna nyingine. Huyo atazamwe kwanza upande wa umeme na joto: feni iliyozibwa na vumbi, waya uliolegea, chumba cha mabati saa nane mchana. Kisanduku cha umeme kilicho ndani ya kasha kisifunguliwe kamwe na asiye fundi.

Msimbo INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, yaani 0x7B, husema kwamba mfumo hauwezi kuifikia diski ya kuwashia. Pengine ni mpangilio uliobadilishwa tu. Pengine diski inakufa. Kwa kuwa hatujui, kunakili kazi hutangulia matengenezo yote. Diski yaweza kutolewa na kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine, au kompyuta yaweza kuwashwa kwa flashi yenye mfumo mwingine, kama vile Linux, na mafaili yakanakiliwa. Vyombo vya kurekebisha diski huilazimisha isome na kuandika sana, na diski iliyochoka yaweza kuishia hapo hapo.

Yote haya yakishindikana, fundi aendewe, naye apewe ukurasa wa daftari: misimbo na tarehe zake, kilichobadilika, kilichojaribiwa na kilichotokea. Aambiwe pia, kabla hajagusa kitufe, ni mafaili gani ambayo hayajanakiliwa popote, na akubali kwamba hafuti diski mpaka yatolewe.