Mikwaruzo ya Mbwa Mlangoni na Tabia ya Ubao

Katika nyumba nyingi za mjini Same na za vijiji vya Milima ya Upare, mbwa hufugwa kwa ajili ya ulinzi na paka kwa ajili ya kuwapunguza panya. Faida yao ni kubwa, lakini milango huilipia. Mbwa aliyefungiwa nje huku radi zikipiga hukwaruza sehemu ya chini ya mlango mpaka afunguliwe. Paka naye hukwaruza mwimo ili kuondoa maganda makuukuu ya kucha zake, na pia kuacha harufu itokayo katika tezi za nyayo zake. Baada ya mwaka mmoja au miwili, mlango uliogharimu fedha nyingi huwa umechimbika vibaya.

Jambo ambalo hufanyika mara nyingi ni kumwita fundi. Fundi huchanganya unga wa mbao na gundi, huziba mikwaruzo, hupiga msasa na kupaka vanishi. Mlango hupendeza. Lakini misimu miwili ya mvua ikipita, mchanganyiko ule, ambao katika makala haya utaitwa kijazo, hupata nyufa pembezoni, hutokeza nje au hudondoka kabisa. Hapo fundi hulaumiwa kwamba gundi yake ilikuwa duni. Mara nyingi lawama hiyo si ya haki. Gundi haikushindwa, kilichosahauliwa ni kwamba ubao, hata ukiwa na umri wa miaka hamsini, hauachi kutanuka na kusinyaa.

Ubao na unyevu wa hewa

Mti umejengwa kwa seli ndefu na nyembamba ambazo nyingi zimelala kufuata urefu wa shina. Kuta za seli hizo ni za selulosi iliyoshikamanishwa na lignini. Selulosi huvuta maji. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kuta za seli hunywa mvuke na kunenepa. Hewa ikikauka, hutoa mvuke na kukonda. Hivyo basi, ubao uliomo ndani ya nyumba hutafuta daima kulingana na hewa inayouzunguka. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, ubao wa miti mingi hutulia ukiwa na maji yapatayo asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ikishuka hadi asilimia 50, maji hayo hupungua hadi kufikia asilimia 9 hivi.

Wilaya ya Same ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya milima iliyoelekea mashariki na kusini. Hewa hupoa, mvuke hugeuka mawingu na mvua hunyesha. Zikiisha kuvuka vilele, pepo hizo hushuka upande wa magharibi zikiwa kavu na zikizidi kupata joto. Ndiyo sababu mji wa Same hupata mvua ya kiasi cha milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka, ilhali misitu iliyo juu ya milima hupata mvua nyingi zaidi. Mlango uliotengenezwa Mamba au Mbaga na kuteremshwa Same huwa umehamishwa kutoka hewa moja hadi nyingine kwa safari ya siku moja. Na hata mlango usiohamishwa hupitia masika, kiangazi na vuli kila mwaka.

Mabadiliko hayo hayalingani kwa pande zote. Kwa urefu, yaani kufuata nyuzi, mlango wa mita 2 ukitoka asilimia 16 hadi 9 ya unyevu hubadilika kwa kiasi kisichofika milimita 1. Kwa upana, yaani kukatiza nyuzi, ubao uliopasuliwa kwa kufuata duara za mti hupungua takriban robo ya asilimia kwa kila asilimia 1 ya maji yanayopotea. Basi ubao wenye upana wa sentimita 20 hupungua hivi:

7 × 0.25 = asilimia 1.75, na asilimia 1.75 ya milimita 200 ni milimita 3.5.

Mwanafunzi akiona mlango unaogoma kufunga wakati wa masika na kuonyesha mwanga pembeni wakati wa kiangazi, hesabu hii ndiyo maelezo yake.

Tundu nalo husinyaa

Wengi hudhani kwamba ubao ukisinyaa, tundu lililomo ndani yake hupanuka. Sivyo. Ubao ulio huru husinyaa pamoja na matundu yake, kama vile tundu hilo lingekuwa limejaa ubao uleule. Unapotanuka, tundu nalo hupanuka.

Kijazo hakifuati mwendo huo. Punje za unga wa mbao zimefungwa ndani ya gundi iliyokauka, nazo zimelala ovyo, hazina mwelekeo mmoja wa nyuzi. Kwa hiyo kijazo kilichotiwa wakati wa kiangazi huachwa na kingo za tundu masika yanapofika. Ufa hutokea na maji hupenya. Kilichotiwa wakati wa masika hubanwa na kusukumwa nje kiangazi kinapofika. Kwa vyovyote, kijazo hugombana na mlango.

Je, kijazo hakifai kabisa? Hesabu ileile hutoa jibu. Mkwaruzo wenye upana wa milimita 3 hubadilika kwa milimita 0.05 tu, yaani chini ya unene wa unywele. Kijazo kizuri huweza kustahimili. Lakini mahali palipochimbika kwa upana wa milimita 60 hubadilika kwa milimita 1 nzima, na hakuna kijazo kigumu kiwezacho kustahimili hayo mwaka hadi mwaka. Kinachoamua ni upana wa jeraha la kukatiza nyuzi. Urefu wake una athari ndogo.

Majeraha matatu na dawa zake

Kwanza ni alama zilizobonyea bila nyuzi kukatika. Hapa kuta za seli zimeminywa tu. Kitambaa kibichi kikiwekwa juu ya alama na kupitishwa pasi ya moto kwa muda mfupi, mvuke huilainisha lignini na seli huvimba kurudia hali yake. Vanishi ya mahali hapo huondolewa kwanza, kwani huzuia mvuke kuingia.

Pili ni mikwaruzo myembamba iliyokata nyuzi. Nyuzi zilizosimama hukatwa kwa kisu kikali, vumbi hupanguswa, na kijazo chenye unga wa mti uleule hushindiliwa, kikiachwa kitokeze kidogo kwa kuwa nacho husinyaa kinapokauka. Wakati ufaao ni mwezi wa Juni hivi, masika yakiwa yamekwisha na ukavu haujazidi, ili ubao uwe katikati ya mwendo wake. Nta ya nyuki iliyotiwa rangi huweza kuficha mistari midogo sana, lakini hulainika katika mlango unaopigwa na jua la mchana, na vanishi haishiki juu yake.

Tatu ni mahali palipochimbika kwa upana. Hapa dawa ni kiraka cha ubao, kwa sababu ubao hufuatana na ubao. Kiraka kiwe cha mti uleule, kiwe kimepasuliwa kwa namna ileile, na nyuzi zake zilale sambamba na nyuzi za mlango. Kikae kwanza ndani ya nyumba kwa wiki mbili au tatu ili unyevu wake ulingane na wa mlango. Kikatwe kwa umbo refu lililochongoka ncha mbili, kwani mistari ya mshazari huonekana kwa shida kuliko iliyokatiza. Mahali pake huchimbwa kwa patasi kwa kina cha milimita 5 au 6, gundi hupakwa, kiraka hubanwa hadi siku ya pili, kisha hupigwa randa mpaka kiwe sawa na mlango.

Milango iliyofunikwa kwa plaiwudi haikubali kazi hiyo, kwa kuwa tabaka lake la juu ni jembamba mno. Kwa hiyo ni afadhali kuibandika plaiwudi mpya au bati.

Madoa na rangi

Mkojo wa mnyama huacha doa jeusi. Urea iliyomo huvunjika na kutoa amonia, nayo hubadili rangi ya tanini za mti. Msumari wa chuma ukiwa karibu, weusi huzidi, kwa maana chuma na tanini hufanya kitu mfano wa wino. Asidi ya oksaliki hufifisha doa la chuma, lakini ni sumu. Itumiwe na mtu mzima aliyevaa glavu, na ubao uoshwe vizuri baadaye.

Kiraka kipya pia huonekana kwa rangi yake, kwa kuwa mwanga wa jua huibadili lignini na tanini za ubao kadiri miaka inavyopita. Fundi mwangalifu hutafuta kipande cha ubao wa zamani, na hujaribu rangi juu ya kipande kingine kabla ya kuigusa milango yenyewe.

Mwishoni, vanishi ipakwe pande zote mbili za mlango na hasa ukingo wa chini. Hapo ncha za nyuzi zimefunguka na hunywa maji upesi kupita uso wa ubao, tena ndipo mvua inaporuka na ndipo mbwa anapokwaruza. Vanishi haizuii mvuke kabisa. Huchelewesha tu, na hiyo inatosha kupunguza mshtuko. Bati au alumini ya kimo cha sentimita 60 ikipigiliwa juu ya sehemu iliyokwisha tengenezwa na kukauka, kucha hazitafika tena. Bila kuondoa chanzo, yaani mbwa kukosa mahali pa kujikinga na mvua, kazi yote ni ya bure.

Majaribio ya darasani

1. Kipande cha ubao kipimwe uzito, kikaushwe katika tanuri la maabara kwa nyuzi 103 za Selsiasi mpaka uzito usipungue tena. Ikiwa kilikuwa gramu 58 na sasa ni gramu 50, unyevu wake ulikuwa 8 ÷ 50 × 100 = asilimia 16.

2. Kibao chembamba kitobolewe tundu la duara na kilowekwe majini usiku kucha. Kipenyo kipimwe kabla na baada, kwa kufuata nyuzi na kwa kukatiza. Wanafunzi wataona kwamba tundu limepanuka, na kwamba si duara tena.

Thamani ya mlango wa zamani

Katika nyumba za zamani za milimani imo milango ya mkulo, mti wa jamii ya kafuri ambao jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis, limetokana na Milima ya Usambara iliyo jirani. Mkulo humea katika msitu wa Chome, unaokizunguka kilele cha Shengena chenye kimo cha mita 2,462. Wapasuaji wa mbao waliuandama mti huo kwa miaka mingi. Mbegu zake huharibiwa sana na wadudu, hata sehemu kubwa ya miti michanga huchipua kutoka mizizi ya miti mikubwa, na huchukua miongo mingi kukomaa. Leo Chome ni hifadhi ya mazingira asilia, na ukataji wa miti humo umekatazwa, kwa kuwa msitu huo ndio chanzo cha vijito vinavyotegemewa na mashamba ya chini.

Kwa hiyo mwenye mlango wa mkulo hawezi kusema kwamba ukiharibika atatengeneza mwingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa fundi wa milango, msemo huo huongezewa sharti moja: anayeziba ajue kwanza ufa unaelekea wapi masika, na unaelekea wapi kiangazi.