Mgeni Njoo, Mwenyeji Apite

Tarehe 20 Oktoba 2023, sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zilifanyika mjini Kericho, kwenye nchi ya majani chai. Mwaka uliofuata zikaja kwetu Pwani, Kwale. Umati kama huo ni neema kwa wenye maduka na wauza vyakula. Lakini, mpenzi msomaji, anayeishi jirani na uwanja ana swali lake: magari ya wageni yakiziba lango, mjamzito akishikwa na uchungu atatokaje?

Mjini London, wakaazi wa karibu na uwanja wa Wembley, unaochukua watu 90,000, hupata vibali vya kuegesha magari. Siku ya tukio, asiye na kibali haegeshi katika mitaa yao. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 imezikabidhi serikali za kaunti mamlaka juu ya maegesho. Basi uwezo upo Kericho, na Kwale upo. Lililobaki ni wakaazi kudai vibali mapema, na wageni watengewe mahali pao. Wahenga walisema mgeni aje, mwenyeji apone. Naye hawezi kupona akiwa amefungiwa nyumbani mwake.