Gundi Husingiziwa

Kiungo kikiachia, wa kwanza kulaumiwa ni gundi, na ushauri unaofuata ni kutafuta gundi kali zaidi. Dhana hii imeharibu kazi nyingi za kuunganisha alumini na plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Epoksi nzuri ina nguvu ya kutosha. La kuuliza ni imeshika nini, na mzigo unaifikiaje. Volkersen alionyesha kwa hesabu mwaka 1938, na Goland na Reissner wakakazia mwaka 1944, kwamba vipande viwili vikipishana na kuvutwa, mkazo hurundikana kwenye ncha na katikati hupata kidogo. Kwa hiyo, kurefusha mapishano mara mbili hakuleti nguvu mara mbili. Tena, joto likipanda kwa nyuzijoto 100 za Selsiasi, mita moja ya alumini hurefuka takribani milimita 2.3, ilhali kaboni karibu hairefuki kabisa kufuata nyuzi zake. Kiungo kilichoivishwa kwa joto hupoa kikiwa tayari kinavutana, kabla hakijabeba hata kilo moja.

Wengine hukimbilia kuongeza ribiti, na hao wanajibiwa na ndege ya shirika la Aloha, ingawa viungo vyake vilikuwa vya alumini kwa alumini. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 iliyokwisharuka karibu mara 90,000 ilipasuka paa angani huko Hawaii, na mhudumu mmoja akafariki. Mabamba yake yalikuwa yamegundishwa kisha yakapigwa ribiti. Gundi ilipoachia, unyevu uliingia, kutu ikala, na mzigo uliokuwa wa gundi ukahamia kwenye ribiti. Kwenye matundu yake nyufa ndogo zilikua safari baada ya safari, mpaka zikaungana. Wanaosema “ongeza ribiti, utakuwa salama” wausome mkasa huu vizuri. Ribiti zinaweza kuzuia ufa usikimbie, lakini gundi ikiwa nzima hubeba karibu mzigo wote, na kwenye kaboni kila tundu hukata nyuzi zinazobeba.

Wengine hujitetea kwamba sampuli yao ilivutwa ikafaulu. Ilivutwa ikiwa mpya na kavu. Alumini iliyopigwa msasa tu hushika vizuri siku ya kwanza, kisha maji hugeuza oksidi iliyo chini ya gundi kuwa tabaka dhaifu. Kwa sababu hiyo viwanda vya ndege huikuza oksidi imara kwa umeme ndani ya asidi ya fosforasi, na huweka utando wa nyuzi za kioo ili kaboni isigusane na alumini na kuizidishia kutu. Kipimo cha kuaminika ni kupigilia kabari kwenye kiungo, kukiacha katika joto na unyevu, kisha kukifungua. Gundi ikibaki pande zote mbili, uso uliandaliwa sawasawa. Alumini ikitoka safi na kung'aa, gundi yoyote ingeachia pale.