Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Famuwea Mbovu na Prosesa Isiyopumzika

Chukulia mfano wa mwanafunzi aliyepanga chumba Nyamasaria, kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kuelekea Ahero. Tasnifu yake inasubiriwa mwisho wa mwezi, ilhali kipakatalishi kimepata joto kama jiko, feni inanguruma na herufi zinachelewa kutokea. Aghalabu lawama huelekezwa kwa joto la Uwanda wa Kano, vumbi au virusi. Hushauriwa afute kila kitu na kusakinisha upya mfumo endeshi. Kazi hupotea, na ugonjwa hubaki palepale.

Famuwea ni programu iliyohifadhiwa ndani ya bodi kuu. Mafundi wengi huiita bayosi. Ndiyo huiamsha mashine kabla ya Windows au Linux kuanza. Baadaye huuarifu mfumo endeshi kuhusu betri, kifuniko na joto kwa kufuata kanuni za ACPI, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1996. Taarifa hizo hupitia ukatizi, yaani ishara inayoilazimu prosesa kuacha kazi iliyonayo na kusikiliza. Ni kama mgeni abishaye hodi. Famuwea ikiwa na kasoro, mgeni hubisha maelfu ya mara kwa sekunde bila kuwa na la kusema, na mwenye nyumba hushinda mlangoni.

Utambuzi huanza kwa kufunga programu zote na kutazama orodha ya kazi za prosesa. Katika Windows, mstari wa System interrupts kwa kawaida hauzidi asilimia 1 au 2. Ukidumu kwenye asilimia 20, kuna walakini. Hatua ya pili ni kuchomoa vifaa vya nje kimoja kimoja, pamoja na chaja, kwani kifaa kibovu au kiendeshi chake huweza kuleta dalili zizo hizo. Katika Linux, folda ya /sys/firmware/acpi/interrupts huonyesha hesabu ya kila ukatizi. Ule ambao hesabu yake inapanda bila kukoma ndio mshukiwa. Unaweza kuzimwa, lakini huo ni utulizo tu: mashine ikiwashwa upya, hurudi.

Tiba ya kudumu ni famuwea mpya kutoka kwa mtengenezaji, iliyokusudiwa modeli ileile hasa. Hapa pana hatari. Umeme ukikatika katikati ya uandikaji, bodi kuu yaweza kufa kabisa, na mvua za radi za kandokando ya ziwa si haba. Hivyo basi, tasnifu inakiliwe kwanza kwenye flashi, betri ijazwe, chaja ibaki imechomekwa, na kazi ifanywe wakati mbingu imetulia.

Mwenye kujua maradhi yalipo hachomi nyumba ili kumfukuza panya. Tasnifu ya miaka 2 haifai kufutwa kwa kosa la programu ambayo haimo hata kwenye diski.