Msiliuze Trekta la Shule

Nyuma ya karakana ya shule niliyofundisha, Uasin Gishu, palikuwa na trekta kuukuu la Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka wa 1964. Wakuu waliamua liuzwe kama chuma chakavu. Nilipinga, nikachekwa.

Nilimwita fundi. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, nayo ilikuwa nyeupe mithili ya maziwa.

"Mwalimu, maji yameingia injini," alisema.

Gasketi ilibadilishwa, oili ikamwagwa, na ile injini ya Perkins yenye silinda tatu ikanguruma. Haidroliki ingali ikivuja, sikatai. Lakini wanafunzi wa Kilimo, ambao plau waliijua kwa kuichora daftarini tu, siku hiyo walishika spana. Waliotaka kuuza, je, wangewanunulia somo hilo wapi?