Hooyo, Ulinizaa Wapi? Karatasi na Uraia, Kutoka Garissa hadi Bonde la Ferghana



Mjini Garissa, ng'ambo ya mashariki ya Mto Tana, uko mtaa uitwao Bulla Kartasi. Bulla kwa watu wa huko ni mtaa, na kartasi ni karatasi hii hii tuijuayo sote. Tunaanza na jina hilo kwa kuwa habari yetu ya wiki hii ni habari ya karatasi: kipande kidogo kisichozidi kiganja cha mkono, ambacho aliye nacho hukisahau mfukoni, na asiye nacho hakisahau hata usingizini. Kipande hicho ni kitambulisho cha taifa.

Tuliketi na mama mmoja wa mji huo, ambaye jina lake tunalihifadhi. Katika ukame wa 2011, mifugo ya nyumba yake iliteketea, mumewe akawa safarini akitafuta kibarua, na watoto wakalala njaa. Majirani walimwambia kuwa katika kambi za Dadaab, zilizomo katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa, kuna mgao wa unga, mafuta na maharage. Akawachukua wanawe, akajiunga na foleni ya watu waliokuwa wakimiminika kutoka Somalia, naye akaandikishwa kama wao. Mwanawe wa kiume, mwenye miaka saba, akaweka vidole vyake juu ya mashine.

Mvua iliponyesha, walirudi nyumbani, na mtoto akarudi shule. Miaka ikapita. Alipotimiza miaka kumi na minane alikwenda kuomba kitambulisho, akiwa na cheti chake cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi wake wote wawili. Akaweka vidole tena juu ya mashine. Mashine ikajibu kwamba huyu ni mkimbizi.

Kijana alirudi nyumbani, akamuuliza mamake swali ambalo mama huyo alitusimulia huku akiinamisha uso: "Hooyo, ulinizaa wapi?" Hooyo ni mama kwa Kisomali. Akamjibu, "Nilikuzaa hapa hapa, mwanangu. Nilikupeleka kule ili usife."

Vidole Viwili vya Serikali Moja

Jambo hili huitwa usajili wa mara mbili, na halikumpata mama huyo peke yake. Dadaab ilianza 1991, na kwa zaidi ya miaka thelathini imekuwa jirani wa wafugaji maskini wa Garissa, Wajir na Mandera. Kila ukame uliposhika, wako Wakenya waliokwenda kambini kutafuta chakula, matibabu au shule. Alama za vidole zao zikahifadhiwa katika daftari la wakimbizi, na daftari hilo likawafungia mlango wa daftari la raia. Katika uhakiki uliofanywa na serikali mwaka 2019, zaidi ya watu 14,000 walibainika kuwa ni Wakenya waliokuwa wameandikwa kuwa wakimbizi.

Asiye na kitambulisho hapigi kura. Hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, haombi mkopo wa masomo, na haajiriwi kwa halali. Safari ya kwenda Nairobi au Mombasa humtia hofu, maana njiani viko vizuizi vya polisi, na swali la kwanza huwa ni hilo hilo: kitambulisho kiko wapi? Msichana aliye katika hali hiyo huolewa bila kitambulisho, kisha hupata taabu kuwatafutia wanawe vyeti. Kwa njia hiyo kosa la foleni moja ya unga huweza kurithiwa.

Mpaka Uliowapitia Watu

Shaka hii juu ya uzawa wa watu wa kaskazini mashariki haikuanza na mashine. Katika 1962 Waingereza walituma tume kuwauliza wakazi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini wanataka nini, na tume ikakuta kwamba Wasomali walio wengi wanataka kuungana na Somalia. Waingereza walisikia jibu, kisha wakaliacha eneo hilo ndani ya Kenya. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi huo haujaisha hali ya hatari ikatangazwa huko kaskazini mashariki.

Vita vilivyofuata vilipewa jina la Shifta. Somalia ilipata silaha kutoka Muungano wa Kisovieti. Kenya ilisaidiwa na Uingereza. Nao wahenga wamesema, wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Mapatano yalifikiwa Arusha mwaka 1967, lakini sheria za hatari hazikuondolewa. Zilibaki mpaka 1991, na chini ya kivuli chake yakatokea mauaji ya Garissa ya Novemba 1980, ambapo mtaa ule wa Bulla Kartasi ulichomwa moto, na yale ya uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, Februari 1984.

Mwaka 1989 serikali iliwaamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali peke yao wakahakikiwe upya. Aliyekubaliwa alipewa kadi ya ziada, ya rangi ya waridi, aichukue pamoja na kitambulisho chake. Raia wengine walitosheka na kadi moja, yeye akatakiwa kuwa na mbili. Tangu hapo, kijana wa Garissa aliyeomba kitambulisho alifikishwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa wa usalama, akaulizwa ukoo wake, babu yake, na hati za babu huyo. Kijana wa Nyeri au Kisii hakuulizwa hayo.

Hatusemi kwamba serikali haina haki ya kujua ni nani raia wake. Garissa yenyewe imelia: tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na hakuna Muislamu mwenye imani asiyeumia kwa damu ile. Tunalosema ni kwamba ulinzi humtafuta mhalifu kwa kosa lake. Ulinzi unaomtuhumu mtoto kwa jina la babu yake haumkamati mhalifu, na humvunja moyo aliye mwaminifu.

Bibi Harusi Aliyefikwa na Mpaka

Mwaka ule ule wa 1991, ambao serikali ya Somalia ilianguka na Dadaab ikaanza, mbali nasi kulivunjika dola kubwa zaidi. Muungano wa Kisovieti uligawanyika ukawa nchi kumi na tano. Mamilioni ya watu walilala wakiwa raia wa dola moja, wakaamka wakiwa na pasi ya dola isiyokuwapo.

Tuwapeleke, wasomaji, katika Bonde la Ferghana, huko Asia ya Kati, ambako wakazi wengi ni Waislamu. Bonde hilo limegawanywa kati ya Uzbekistan, Kyrgyzstan na Tajikistan. Zama za Kisovieti mipaka hiyo ilikuwa mistari ya ramani tu. Msichana wa upande wa Uzbekistan aliolewa upande wa Kyrgyzstan kama vile binti wa Malindi anavyoolewa Lamu. Hakuna aliyemuuliza pasi, kwani dola ilikuwa moja. Kisha dola ikavunjika, na mistari ya ramani ikawa mipaka yenye askari. Bibi harusi yule, akiwa sasa mama wa watoto, akajikuta ana pasi nyekundu ya Kisovieti ambayo hakuna serikali iliyoitambua. Kule alikozaliwa amehesabiwa kuwa ameondoka, na huku alikoolewa amehesabiwa kuwa mgeni. Wanawe nao wakaandamwa na tatizo lake.

Mwanasheria mmoja wa Kyrgyzstan, Azizbek Ashurov, ambaye familia yake mwenyewe ilitoka Uzbekistan na kupata taabu ya uraia, aliongoza kazi ya kuwasaka watu hao. Wanasheria na maofisa wa serikali hawakungoja ofisini. Walikwenda vijijini kwa magari, na pasipofikika kwa gari walipanda farasi, wakiwaandikisha watu mlangoni mwao. Julai 2019 Kyrgyzstan ikawa nchi ya kwanza duniani kutangaza kuwa imemaliza tatizo la watu wasio na uraia waliojulikana ndani yake. Waliohudumiwa katika miaka mitano walizidi 13,000, na zaidi ya 2,000 kati yao walikuwa watoto. Mwaka huo Ashurov alipewa Tuzo ya Nansen, itolewayo na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Jirani yao Uzbekistan nayo ilipitisha sheria mpya ya uraia mwaka 2020, ikawafungulia mlango watu karibu 50,000 waliokuwa wameishi humo tangu kabla ya 1995.

Si nchi zote zilizotoka katika dola ile zilizofuata njia hiyo. Latvia na Estonia, zilipojirudishia uhuru wao, zilirudisha uraia kwa waliokuwa raia kabla ya 1940 na vizazi vyao. Wengine, hasa wasemao Kirusi waliohamia zama za Kisovieti, walitakiwa kufanya mtihani wa lugha. Zilikuwa na hofu zao, kwa kuwa zilikuwa zimetawaliwa kwa nguvu. Lakini mamia ya maelfu walibaki wakiishi kwa pasi za wasio raia, na mpaka leo wako wanaozishika. Kuanzia mwaka 2020, kwa sheria ya Latvia, watoto wa watu hao wanaozaliwa humo huwa raia tangu kuzaliwa. Ilichukua takriban miaka thelathini nchi hiyo kukubali kwamba mtoto asibebeshwe hofu ya wakubwa.

Kwetu Pwani Tumekwisha Kuyaona

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Hapa pwani, Wamakonde wa Kwale waliishi vizazi kadhaa bila uraia, mpaka walipofunga safari kwenda Nairobi mwaka 2016 na serikali ikawatambua. Ndugu zetu Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi ambao tumesali nao safu moja na kuoana nao, walitambuliwa rasmi mwaka 2023. Kabla ya hapo wapo waliovua samaki bila leseni kwa kukosa kitambulisho, na wakafukuzwa baharini kama wezi.

Upande wa kaskazini mashariki nako mlango umeanza kufunguka. Shirika la Haki na Sheria la Garissa lilikwenda Mahakama Kuu ya mji huo mwaka 2021 kuwatetea walioathirika na usajili wa mara mbili, na mwanzoni mwa 2025 mahakama ikaona kuwa haki zao zimevunjwa. Tarehe 5 Februari 2025, mjini Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa uhakiki wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani.

Tunashukuru kwa hatua hizo. Hata hivyo, tangazo na hukumu ni kama mbegu: asiyeipanda havuni. Kijana aliyefungiwa na mashine hafunguliwi na hotuba. Hufunguliwa siku jina lake linapotolewa katika daftari la wakimbizi na kadi kutiwa mkononi mwake. Hapo ndipo tunapoitamani ile habari ya farasi wa Ferghana. Maofisa wetu nao wawafuate watu mlangoni, huko Liboi, Fafi na Ijara, kuliko kumngoja mfugaji afunge safari ya siku mbili ili aambiwe arudi wiki ijayo.

Amana Iliyo Mikononi mwa Mama

Kipande cha mkoloni kilikuwa cha mwanamume peke yake. Sheria ya Kenya ilibadilishwa mwaka 1978 ili wanawake nao wasajiliwe. Ndiyo maana nyanya zetu wengi walikipata kitambulisho wakiwa watu wazima. Leo mwanamke ndiye atunzaye karatasi za nyumba nzima, na Katiba ya 2010 imempa uzito aliokuwa amenyimwa: kwa Kifungu cha 14, mtoto ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mama *au* baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Akina mama walioolewa na wageni, Uarabuni au kwingineko, walijue jambo hili.

Basi tunawausia wazazi mambo machache. Mtoto aandikishwe mapema, kwa kuwa usajili ukipita miezi sita huhesabiwa wa kuchelewa na masharti yake huongezeka. Majina yafanane katika kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule. Herufi moja iliyokosewa katika jina la Abdullahi au Fatuma yaweza kugharimu miaka. Binti apelekwe kuchukua kitambulisho sawa na kaka yake, asiambiwe angoje mume. Nakala za hati za wazazi na mababu zihifadhiwe mahali pakavu. Na aliyewahi kuandikwa kambini asijifiche kwa aibu. Atafute msaada wa kisheria na aseme kweli.

Sura ya Al-Hujurat inatufundisha kwamba kugawanyika kwetu katika mataifa na makabila ni ili tujuane, na kwamba ubora mbele ya Mwenyezi Mungu ni ucha Mungu. Yule mama wa Garissa hakumuuza mwanawe kwa unga. Alifanya alichokifanya Bi Hajar alipokimbia baina ya vilima viwili akimtafutia mtoto maji. Tulipoagana naye alitufungulia sanduku la bati, akatuonyesha cheti cha mwanawe kilichofungwa ndani ya nailoni mara tatu. Kijana bado anangoja. Mama alikifunga tena taratibu, akasema, "Karatasi ninayo. Wanachokingoja ni nini?"

Ndilo swali tunalowaachia wahusika, nasi twangoja jibu pamoja naye. Wassalaam.